Alama Nyekundu Kwenye Jiwe la Igombe

Mwaka 2005 bibi yangu hakuwa akitoka tena nje ya ua wetu pale Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, lakini kututuma hakuacha. "Nendeni ziwani mkaniletee matembele," alikuwa akiwaambia wajukuu. Matembele yenyewe yalikuwa kwenye matuta ambayo mama aliyainua chini ya jiwe kubwa, mahali pakavu kabisa, mbuzi wakilala hapo mchana kutwa. Ili uchote ndoo ya maji ilibidi uyapite matuta, upite uwanja wa kuanikia dagaa, ushuke mchanga mrefu ndipo ulikute ziwa. Watoto wakawa wanamsahihisha: "Bibi, pale siyo ziwani, ni shambani." Naye jibu lake lilikuwa moja. "Pale ni ziwani. Ziwa limetoka tu kidogo."

Tulidhani ni uzee. Alikuwa anakaribia miaka tisini na majina ya watoto alikuwa anayachanganya, kwa hiyo tulimwacha na ziwa lake.

Yeye hakuliona likirudi. Sisi tuliliona Aprili 2020. Lilianza na matuta, likamaliza uwanja wa dagaa, likachukua choo cha mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotua, na banda la bati ambalo kaka yangu alilijenga kwa fedha za mkopo, likasimama kwenye jiwe. Kwenye jiwe hilo kuna mstari wa rangi nyekundu wenye urefu wa kiganja, na pembeni yake maandishi yanayosomeka kwa shida: 5/64. Ni mkono wa baba. Nimeishi na mstari huo tangu nizaliwe na sikuwahi kuufikiria zaidi ya kujua kwamba baba alipenda kuandika andika vitu. Siku ile maji yalikuwa yanaulamba.

Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni kuhusu hali ya hewa ya Mwanza, lakini nitakuwa narudi kwenye jiwe lile, maana ndilo lililonifundisha kuielewa.

Ukimwuliza mtu wa Dar es Salaam au wa Arusha habari za hewa ya Mwanza, atakwambia ni ya wastani, haina baridi ya huku wala jasho la kule. Ana haki. Tuko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, na tuko juu, zaidi ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari. Jua linatupiga la utosi lakini hewa inapoza. Ukilinganisha mwezi wetu wa joto na mwezi wetu wa baridi, tofauti yake ni ndogo kuliko ile unayoipata kati ya mchana na usiku wa siku moja. Kinachogawa mwaka kwetu ni mvua. Vuli inaingia Oktoba, inakolea Novemba na Desemba. Januari na Februari inalegea bila kukatika kabisa, kisha masika ya Machi hadi Mei. Halafu kusi inaanza kuvuma, majani yanakuwa rangi ya karatasi, na Julai inaweza kwisha mwezi mzima bila tone.

Baba aliijua ratiba hii kwa namna ambayo wengi hatukuijua, kwa sababu ilikuwa sehemu ya kazi yake. Alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba, na kwenye uwanja wa kiwanda kulikuwa na kipimamvua: chombo cha shaba chenye mdomo wa inchi tano, kimechimbiwa ardhini mbali na miti na kuta, ndani yake chupa ya kukusanyia maji. Kila siku saa tatu kamili asubuhi alikifungua, akamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, akasoma, akaandika. Mvua ya usiku ikisomwa saa tatu inaandikwa kuwa ya jana yake. Kuiandika kuwa ya leo ni kosa alilolikemea kama mtu anavyokemea wizi. Takwimu rasmi zilikwenda serikalini kwa posta kila mwisho wa mwezi. Nakala yake aliiweka kwenye madaftari ya shule ya kurasa 96, na pembeni mwa tarakimu aliandika mambo ambayo serikali haikuyauliza. "Upepo umeng'oa mgomba." "Leo mbu hawana idadi." "Ziwa limepanda tena, mwalo umehama." Alipostaafu alichukua kopo la maziwa lenye pande zilizonyooka, akalichimbia nyuma ya jiko, akawa anapima kwa rula ya mtoto. Kopo lenye pande zilizonyooka halidanganyi, alisema. Kama maji yamefika milimita kumi, basi mvua ni milimita kumi, hata kopo liwe kubwa namna gani.

Sentensi hiyo ndiyo ufunguo wa kila kitu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa anazungumzia na ziwa.

Wengi tunadhani ziwa linajazwa na mito. Shuleni tulikariri Kagera, Mara, Simiyu, Nzoia, tukachora mishale ikiingia kwenye ramani. Lakini sehemu kama nane kwa kumi ya maji yanayoingia Ziwa Victoria hayaletwi na mto wowote, yanaanguka kutoka mawinguni moja kwa moja juu ya ziwa. Mito yote kwa pamoja inaleta kilichobaki. Kwenye kutoka ni vivyo hivyo: sehemu kubwa inaondoka kama mvuke na sehemu ndogo ndiyo inayopita Jinja, Uganda, kuwa Mto Nile. Ziwa ni pana, karibu kilomita za mraba 68,800, kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, lakini limekaa kama sinia, maana mahali penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Chombo kipana, kisicho na kina, kinachojazwa na mvua na kukaushwa na jua. Hicho ni kipimamvua. Hiki cha kwetu hakimwagwi kila saa tatu asubuhi, kwa hiyo kinabeba mvua ya mwaka huu juu ya mvua ya mwaka jana na ya miaka kumi iliyopita. Ukitaka kujua tabia ya hewa ya Mwanza ya muda mrefu, usiangalie mawingu. Angalia jiwe.

Na kumbukumbu ya ziwa ni ndefu. Wanasayansi waliochimba tope la chini yake walikuta dalili kwamba liliwahi kukauka lote, pakawa mbuga ya nyasi, na likaanza kujaa upya takriban miaka 15,000 iliyopita. Miaka hiyo ni mbali mno na sisi. Karibu zaidi, watafiti waliokusanya maneno ya wazee, barua za wamisionari na shajara za wasafiri wanasema mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yalikuwa juu sana, yakashuka, yakapanda tena miaka ya 1890. Mwingereza Speke, aliyeliona ziwa Agosti 1858 kutoka kilima cha Isamilo hapa mjini, alipita kabla ya hayo yote. Vipimo vya kila siku upande wa Uganda vilianza mwishoni mwa karne ile, na tangu hapo tuna mstari ambao haujakatika, ukipanda na kushuka, hadi leo.

Kwa miaka sitini ya mwanzo mstari huo ulitulia, ulikuwa ukicheza ndani ya mita moja na kitu. Ndipo ikaja vuli ya 1961. Tanganyika ilikuwa inajiandaa kupandisha bendera na mbingu zikafunguka. Nyumbani kwetu iliitwa mvua ya Uhuru hadi wazee walioipa jina walipokwisha. Haikuwa ya mwaka mmoja. Iliyofuata nayo ilikuwa kubwa, na ziwa likawa linaongeza juu ya lilichopokea. Kufikia Mei 1964 lilikuwa limepanda karibu mita mbili na nusu. Gati, mialo, mashamba ya mpunga ya kando, vyote vilihama. Baba alikuwa na miaka ishirini na sita. Alichukua rangi nyekundu iliyobaki baada ya kuandika namba za marobota ya pamba, akashuka hadi jiwe lilipokutana na maji, akapiga mstari.

Kwenye kipimo cha Jinja, ambacho huhesabu kutoka sifuri yake chenyewe na si kutoka chini ya ziwa, kiwango cha Mei 1964 ni mita 13.41. Iweke akilini hiyo.

Hapa niseme jambo kuhusu kumbukumbu zetu, kwa sababu mijadala mingi ya tabianchi inaanza na kauli ya "zamani mvua zilikuwa zinafuata ratiba". Nimeisikia msibani, nimeisikia kwenye daladala za Igombe, nimeisema mwenyewe. Baba alipofariki mwaka 2011 nilirithi madaftari. Nilikaa nayo Krismasi nzima nikitafuta ile ratiba, na sikuikuta. Nilikuta 1973 na 1974, kurasa zenye mabano matupu wiki hadi wiki, miaka ya ukame ambayo serikali iliingia na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona na tukala mahindi ya njano ya msaada. Nilikuta masika zilizochelewa hadi Aprili, vuli zilizoanza Septemba zikakauka Novemba. Mvua ya Kanda ya Ziwa haijawahi kuwa na adabu. Anayesema imebadilika lazima aseme imebadilika kutoka wapi, la sivyo anasimulia utoto wake tu, na utotoni kila kitu kilikuwa na ratiba kwa sababu kuna mtu mwingine aliyekuwa anahangaika.

Lakini madaftari hayo hayo yalinionyesha kitu kingine, na hiki sikukitafuta kwa hamu, kilinijia chenyewe. Baba alikuwa na tabia ya kupigia mstari siku ambayo mvua moja ilizidi milimita 50. Miaka ya sitini na sabini mistari ni michache, imetengana. Kadiri unavyokuja mbele, inasogeleana. Daftari moja la karani haliwezi kuthibitisha lolote kwa mji mzima, na silitoi kama ushahidi. Lilinifanya tu niende kusoma waliopima kwa upana zaidi.

Nilichokuta ni kwamba mwendo mkubwa wa vuli yetu unapangwa Bahari ya Hindi. Kuna miaka maji ya bahari ya upande wa Afrika yanapata joto kuliko ya upande wa Indonesia. Hewa yenye unyevu inapanda upande wetu, na vuli inakuwa mafuriko. Ikigeuka, vuli inakufa. Ilikuwa hivyo 1961. Ilikuwa hivyo 1997, pamoja na El Niño, na ziwa likapanda kwa zaidi ya mita moja. Ilikuwa hivyo 2019, tena kwa nguvu ambayo haikuwa imeonekana kwa miongo kadhaa. Ikarudi 2023 ikiongozana na El Niño nyingine. Masika ndiyo yenye kuleta utata: kuanzia miaka ya themanini hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipungua sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, wakati mahesabu ya kompyuta yanasema dunia ikipata joto inapaswa kuongezeka, na wataalamu wameliita jambo hilo fumbo. Kisha zikaja masika za 2018, 2020 na 2024, kubwa kupita kiasi. Joto halina fumbo. Mwaka 2024 ndio uliokuwa na joto kuliko mingine yote tangu dunia ianze kupimwa kwa vyombo, na hewa yenye joto inabeba maji mengi zaidi kabla ya kuyaachia.

Sasa turudi kwenye miaka ya matembele, kwa sababu hapo ndipo nilipowahi kudanganyika vibaya.

Kati ya 2003 na 2006 ziwa lilishuka mwaka hadi mwaka. Feri ziligusa mchanga, mabomba ya kuvuta maji yalibaki yananing'inia, na mwishoni mwa 2006 lilikuwa chini kuliko wakati wowote tangu 1923. Sote tulisema ni ukame, ni tabianchi, ziwa linakufa. Gazeti moja lilitabiri watoto wetu watatembea kwa miguu hadi Ukerewe. Kaka yangu alisikia hivyo, akaona ardhi mpya iliyojitokeza mbele ya jiwe, akakopa, akajenga banda. Nilimwunga mkono. Nilichangia mabati.

Lakini kipimamvua chetu kina bomba chini. Tangu 1954, bwawa la Owen Falls lilipokamilika pale Jinja, maji yanayotoka ziwani yanapita mikononi mwa watu. Kulikuwa na makubaliano kati ya nchi kwamba bwawa liachie kiasi kilekile ambacho mto ungekiachia wenyewe kabla ya ukuta: ziwa likiwa juu mengi, likiwa chini kidogo. Mwaka 2000 kituo cha pili cha umeme, Kiira, kilianza kazi pembeni ya kile cha zamani. Ukame ulipokuja, umeme ukahitajika, maji yakaachiwa zaidi ya makubaliano. Uchambuzi uliofanywa wakati ule ulikadiria kwamba karibu nusu ya kushuka kwa ziwa kulitokana na hilo bomba, na nusu ndiyo iliyokuwa ya mbingu.

Hili linaniuma hadi leo, na si kwa sababu ya mabati. Tulisoma kipimo bila kuuliza nani amefungua chini. Baba alikuwa hai. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba, akatazama kaka anachimba msingi, akasema kwa upole, "Mwanangu, hapo unajenga chini ya mstari." Kaka akamjibu kwamba mstari ni wa zamani, dunia imebadilika, ziwa halirudi. Baba hakubishana. Hakuwa mtu wa kubishana na mtu aliyeshika sururu. Na bibi ndani ya ua anawatuma watoto ziwani wakachume matembele.

Mvua za Oktoba 2019 zilipoanza, dagaa wa mama ndio waliotupa taarifa ya kwanza. Dagaa huvuliwa giza, mwezi ukiwa umejificha, na asubuhi lazima wapate jua kabla hawajaanza kunuka. Siku moja ya jua kali inatosha. Siku mbili za mawingu zinageuza chakula cha watu kuwa chakula cha kuku, na bei inaanguka hapohapo. Mama anasema vuli ile hakuanika wiki nzima mfululizo hata mara moja. Magunia yalikwenda kwa wenye viwanda vya chakula cha mifugo, safari baada ya safari. Januari na Februari, miezi ambayo kwa kawaida anafidia, mvua haikulegea. Masika ikaikuta vuli bado haijamaliza kuongea.

Kuanzia Novemba 2019 hadi Mei 2020 ziwa lilipanda mita 1.21. Aprili ile ilikuwa miezi ya korona, watu tumejifungia, na huku maji yanapanda ngazi moja moja. Visiwa vya nyasi na matete viling'oka kwenye ghuba vikawa vinatembea na upepo. Kimoja kilifika Jinja, kikaziba mitambo, na Uganda karibu yote ikawa gizani siku moja katikati ya Aprili. Kwetu kaka alitoa mabati yake usiku kwa tochi. Mei kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42.

Sentimita moja juu ya 1964. Niliposoma tarakimu hiyo nilishuka hadi kwenye jiwe nikiwa na barakoa usoni kama mwizi. Maji yalikuwa yanagonga mstari wa baba, yanaufunika, yanauachia.

Miaka minne baadaye ulitoka utafiti uliojaribu kutenganisha mkono wa mwanadamu katika tukio lile. Hitimisho lake ni kwamba ongezeko la joto duniani lilifanya kupanda kwa kasi kama ile kuwe na uwezekano mkubwa kwa mara 1.8 kuliko ambavyo ungekuwa bila ya joto hilo, na kwamba katika ule mwinuko wote, sentimita kama saba zilikuwa za mabadiliko ya tabianchi. Watafiti wenyewe wanasema makadirio kama haya yana upana wake. Kuna jamaa yangu aliyesoma akacheka: sentimita saba tu! Nilimpeleka kwenye jiwe. Ukiondoa sentimita saba, mstari wa 1964 haufikiwi. Ukiziongeza, unapitwa. Na kwenye mwalo ulio tambarare kama wetu, sentimita saba za kimo ni hatua kadhaa za ardhi, na kwenye hatua hizo kuna choo cha mtu.

Kuna upande mwingine wa hewa yetu ambao jiwe halionyeshi, nao ni usiku. Mchana nchi kavu inachemka haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani kwenda bara, na mawingu yanajengeka juu ya milima na mbuga za mashariki. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, upepo unatoka pande zote za ufukwe kukutana katikati ya maji, na hewa ile yenye unyevu haina pa kwenda ila juu. Ndiyo maana radi za ziwani hupiga kati ya usiku wa manane na alfajiri, saa zilezile ambazo mitumbwi ya dagaa iko nje na taa zake. Inakadiriwa watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hili, wengi kwa dhoruba na mawimbi. Mjomba wangu alinusurika moja, akiwa ameshikilia dumu hadi mapambazuko. Wenzake wawili hawakuonekana. Aliuza nyavu mwezi uleule, na hadi leo akisikia ngurumo usiku anaamka, anakaa kitandani na viatu miguuni.

Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dhoruba hizi za usiku zitaongezeka nguvu kadiri dunia inavyopata joto: zile kubwa ambazo kwa sasa zinakuja mara moja katika miaka kumi na mitano, mwishoni mwa karne hii zinaweza kuwa za karibu kila mwaka kama dunia itaendelea kuchoma mafuta na makaa kama inavyofanya. Utafiti huohuo ulikuja na neno la faraja, kwamba radi za mchana nchi kavu zinatoa ishara ya ukali wa radi za usiku ziwani, kwa hiyo kutabiri kunawezekana. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rada hapa Mwanza, na tahadhari kwa wavuvi zinasomwa redioni. Ninawapigia simu vijana wa mwalo wetu kila nikizisikia. Wengine wanashukuru na kwenda hivyohivyo, kwa sababu giza ni wiki mbili na ada ya shule ni kila muhula.

Mjini kwenyewe ni hadithi fupi. Sensa ya 1967 iliikuta Mwanza ikiwa na watu 34,861. Ya 2022 ilizikuta Nyamagana na Ilemela zikiwa na zaidi ya milioni moja. Tumejenga juu ya vilima vya mawe ambavyo havinywi maji, tukaweka bati juu ya kila jiwe, na mvua ya nusu saa inafika Mto Mirongo ikiwa yote. Watu wa Mabatini, mtaa unaofurika kando ya mto huo, hawahitaji makala kulijua hilo.

Nilidhani 2020 ndiyo mwisho wa simulizi yangu. Kisha ikaja vuli ya 2023, na masika ya 2024 juu yake, na Mei kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.66, kiwango ambacho hakijaonekana tangu vipimo vianze. Nilifika Igombe Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jiko. Nikavua viatu, nikaingia majini hadi magotini, nikapapasa jiwe kwa mkono. Mstari wa baba ulikuwa chini, shubiri moja kamili kutoka uso wa maji. Nilipima mara tatu.

Mtoto wa kaka, ambaye sasa ana mke, anataka kujenga. Maji yalipoanza kushuka baadaye mwaka ule na alama ya 5/64 ikachungulia tena, aliniomba nimsindikize kupima. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita sitini kutoka ufukweni, na anajua. Alishika ncha ya futikamba akaenda kusimama penye maji.

"Hapana," nilimwambia. "Njoo hapa juu."

"Lakini shangazi, maji yako kule."

"Yametoka tu kidogo."

Nilikuwa nimenunua kopo la robo lita la rangi nyekundu mjini. Nilipiga mstari wa pili, shubiri moja juu ya ule wa babu yake, nikaandika 5/24, na tukaanzia hapo. Futikamba ilikuwa ya mita thelathini, ikabidi tuipige mara mbili. Kigingi cha kwanza kilikaa kati ya vichanja vya mama vya dagaa. Cha pili kilipita jiko, kikapita shimo la lile kopo la maziwa, kikaishia kwenye mwembe.

Mama alikuja akakitazama kigingi, kisha akageuka akalitazama jiko lake lililoko upande wa chini. Aliuliza rangi imebaki kiasi gani. Nilimwonyesha. Akasema basi na yale mawe mawili ya kwenye mwalo nayo yapigwe, ili wanaokuja kununua viwanja waone. Kesho yake asubuhi, nikiwa bado nimelala, nilisikia anaburuta vichanja kupanda navyo juu.